Indiana wameshinda moja, usiuze simu bado

Ijumaa alfajiri ulikuwa macho, usikatae. Mechi ilianza saa tisa na nusu usiku, saa ambayo baridi ya Kitale hupenya hadi ndani ya soksi, na Bungoma ni mbwa pekee wanaoongea. Ulijifunika blanketi, ukapunguza mwangaza wa simu usiwaamshe watu wa nyumba, ukaomba bando isikate kabla ya robo ya nne. Halafu, zikiwa zimebaki sehemu tatu za kumi za sekunde moja, Tyrese Haliburton akaruka, akaachilia mpira, ukaingia. Ukapiga nduru. Mama akauliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa. Indiana Pacers 111, Oklahoma City Thunder 110.

Kufikia saa mbili asubuhi stori ilikuwa imefika steji ya matatu Kitale, ikapanda gari, ikapita Kiminini na Kamukuywa, ikashuka Webuye, na ilipofika Bungoma ilikuta wenyeji tayari wanabishana. Wapo waliosema ni bahati tu. Wapo waliosema Haliburton ana dawa. Wapo waliotangaza kwamba kuanzia leo wao ni watu wa Indiana, ingawa juzi tu walikuwa watu wa Lakers. Na wapo wale waliosema maneno manne yaliyotufanya tuandike tahariri hii: “Sasa naweka pesa yote.”

Ndugu yetu, dada yetu, tulia kwanza. Tuketi tuongee.

Tuanze na haki yako ya kushangilia, maana hiyo hatuipingi hata kidogo. Oklahoma City si timu ya mchezo. Msimu wa kawaida walishinda mechi 68 kati ya 82. Wana Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa ligi mwaka 2025, ambaye Ijumaa peke yake alifunga pointi 38. Walikuwa nyumbani, mbele ya mashabiki wao. Karibu kila mchambuzi aliwapigia upatu. Indiana wao walishinda mechi 50, hawajawahi kutwaa ubingwa wa NBA hata mara moja, na mara ya mwisho walipofika fainali ilikuwa mwaka 2000, wakafungwa na Lakers. Wasomaji wetu wengi mlikuwa hamjazaliwa.

Tena tazama ni nani waliomo kwenye kikosi hicho. Haliburton mwenyewe, Aprili 2025, wachezaji wenzake wa NBA walipoulizwa kwa siri na gazeti la The Athletic ni nani anayesifiwa kupita uwezo wake, jina lake ndilo lililotajwa na wengi zaidi. T.J. McConnell alipotoka chuo mwaka 2015 hakuchaguliwa na timu yoyote. Andrew Nembhard, aliyepewa kazi ngumu ya kumfuata Gilgeous-Alexander kila kona, alichaguliwa wa 31. Na Pascal Siakam, mtoto wa Douala, Cameroon, alikuwa akisoma seminari na hakushika mpira wa vikapu kwa makini mpaka alipokuwa kijana mkubwa. Ijumaa alifunga pointi 19 na kudaka mipira 10 iliyogonga ringi.

Kwa hiyo ukiwa Kitale au Bungoma na moyo wako ukaenda kwa Indiana, tunakuelewa. Wewe unajua maana ya kuambiwa kwamba mambo makubwa ni ya Nairobi. Unajua timu ya shule yako ikienda mashindano ya kitaifa, watu huuliza kwanza imetoka kaunti gani, ndipo waamue kama wataiogopa. Ukiona aliyepuuzwa anamwangusha aliyesifiwa, unahisi kama umelipiwa deni lako kidogo. Furaha hiyo ni halali, usimruhusu mtu akunyang'anye.

Lakini mwanzo wa ngoma ni lele. Fainali hii ni ya kushinda mechi nne, na Indiana wana moja tu mfukoni.

Hebu tukupe hadithi mbili ambazo zinaanza tarehe ile ile. Mechi ya Ijumaa, kwa saa zetu, ilichezwa tarehe 6 Juni. Tarehe 6 Juni 2001, Philadelphia 76ers walienda Los Angeles kufungua fainali dhidi ya Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Lakers hao walikuwa wamecheza mechi 11 za mchujo bila kupoteza hata moja. Hakuna aliyewapa Philadelphia nafasi. Allen Iverson, jamaa mdogo kwa kimo miongoni mwa majitu, akafunga pointi 48, na mechi ikaisha 107-101 baada ya muda wa ziada. Dunia ikapagawa. Bila shaka kuna watu waliouza vitu siku ile. Lakers wakashinda mechi nne zilizofuata, mfululizo, fainali ikaisha.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Juni 2004, Detroit Pistons walienda ukumbi ule ule, dhidi ya Lakers wale wale, safari hii wakiwa wameongezewa Karl Malone na Gary Payton. Detroit hawakuwa na jina kubwa la kutisha watu. Wakashinda mechi ya kwanza 87-75. Watu wakasema, “Tumeshaiona hii sinema, tunajua inavyoisha.” Haikuisha hivyo. Detroit walichukua ubingwa kwa mechi nne dhidi ya moja.

Unaona shida? Ushindi wa kwanza ni ule ule, tarehe ni ile ile, uwanja ni ule ule, lakini miisho ni miwili tofauti kabisa. Anayekuambia kwamba kwa sababu ya Ijumaa anajua nani atabeba kombe, anakudanganya, au anajidanganya mwenyewe halafu anataka kampuni.

Ndiyo sababu tunarudi kwa yule wa “naweka pesa yote”. Hatutakuhubiria kama mzee wa kanisa. Tutafanya hesabu tu. Kabla ya fainali kuanza, tuseme kampuni ya kamari inakuambia kwamba ukiweka shilingi 100 kwa Indiana kutwaa ubingwa, watakulipa 500. Wewe unaona 500. Wao wanaona kitu kingine. Kwa hesabu yao, fainali kama hii ikichezwa mara tano, Indiana watashinda labda mara moja, na hata hiyo moja wameipunja kidogo ili wabaki na faida. Sasa Indiana wameshinda mechi ya kwanza. Je, kampuni bado itakupa 500? Thubutu! Saa ile ulipokuwa unaruka juu ya kitanda, kompyuta zao zilikuwa zimeshapunguza malipo. Unaponunua furaha ya Ijumaa siku ya Jumamosi, unainunua kwa bei ya Jumamosi. Shangwe yako imeshawekwa kwenye hesabu yao kabla hujafungua simu.

Na simu yenyewe ndiyo inayotuuma. Wote tunamjua mtu mtaani aliyeuza simu, au aliyeweka rehani redio ya nduthi ya mwajiri, au aliyekula karo ya muhula akisubiri mkeka ujibu. Mkeka ukachanika kwa mechi moja. Sasa anatembea akikwepa njia za watu anaowadai… samahani, wanaomdai. Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku hizo zimekwisha, na hata zingekuwa 300, tangazo kubwa kuliko yote ni ushindi kama wa Ijumaa. Hakuna tangazo linaloweza kukushawishi kuliko macho yako mwenyewe yakiona lisilowezekana limewezekana.

Ila hebu tuulize: ni kweli lilikuwa haliwezekani? Hapa ndipo tunapotaka uitazame ile mechi upya, maana ukisema ni muujiza utakuwa umekosa somo lake.

Indiana walicheza vibaya Ijumaa. Walipoteza mpira mara 25, mara 19 kati ya hizo zikiwa katika nusu ya kwanza. Kocha wa shule yako angekutoa uwanjani kwa mara tatu tu. Wakati wa mapumziko walikuwa nyuma 57-45. Robo ya nne wakafika kuwa nyuma kwa pointi 15, ikisomeka 94-79. Mpaka hapo nusu ya watu Bungoma walikuwa wameshalala, na nusu ya Kitale walikuwa wanatafuta chaji.

Kutoka hapo hadi mwisho, Indiana walifunga pointi 32, Oklahoma City 16. Hawakufunga kikapu kimoja cha pointi 15, kwa sababu hakuna kikapu kama hicho. Walifunga tatu, wakazuia, wakafunga mbili, wakazuia tena. Katika mechi nzima hawakuwahi kuwa mbele hata mara moja hadi ule mpira wa mwisho ulipoingia. Dakika zote 48 waliishi nyuma, na hawakuanza kugombana wao kwa wao.

Halafu si mara ya kwanza. Haliburton alifanya hivyo kwa Milwaukee katika raundi ya kwanza na kwa Cleveland katika ya pili. New York walikuwa mbele kwa pointi 14 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, na bado Indiana wakalazimisha muda wa ziada na kushinda. Ukiona mtu anapata “bahati” mara nne katika miezi miwili, hiyo si bahati tena, hiyo ni tabia. Wamefanya mazoezi ya kukimbia mpaka wapinzani wanachoka kwanza. Wamezoea kucheza dakika ya 46 kama ya kwanza. Kile ulichokiona Ijumaa kilitengenezwa mbali na kamera, katika ukumbi mtupu, siku ambazo hakuna aliyeshangilia.

Na sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko tulikokuwa tunaelekea tangu mwanzo.

Kenya inazo Ijumaa zake. Februari 2021 kule Yaoundé, timu yetu ya taifa, Morans, ilikutana na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo. Sekunde za mwisho mpira ukamfikia Tylor Ongwae. Akapiga, ukaingia, Kenya 74, Angola 73. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia, na Kenya ikafuzu kwa AfroBasket baada ya miaka 28. Timu ile haikuwa na pesa za Angola wala majina ya Angola. Tulishangilia wiki moja, tukarudi kwa Arsenal na Man U.

Jirani zetu Sudan Kusini wametupita kwa mbali. Kitale mnawajua vizuri, ninyi mnaokaa kwenye lango la barabara ya Lodwar na Kakuma. Mmesoma nao darasa moja, mmewaona wakitembea na mipira kwapani. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, isiyokuwa na hata ukumbi wa ndani wa vikapu, Julai 2024 iliitoa Marekani jasho London mpaka ikafungwa kwa pointi moja tu, 101-100. Siku chache baadaye ikashinda mechi yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, 90-79 dhidi ya Puerto Rico. Haikufika robo fainali. Lakini kuna mtoto aliyeona mechi ile na kesho yake akatafuta pa kuchezea.

Swali letu kwako ni hilo tu: mtoto wa Kitale aliyeona Ijumaa, leo Jumamosi atachezea wapi? Wa Bungoma je?

Tunajua jibu, na wewe unalijua. Atatafuta shule yenye uwanja wa vikapu, atakuta geti limefungwa kwa sababu ni wikendi. Akibahatika kuingia, atakuta saruji imepasuka, ringi imeinama, neti ilishaoza. Mvua ikinyesha, na mwezi huu inanyesha, mchezo umekwisha. Msichana atakuta hata pale penye uwanja, wavulana wameshaukalia na wanamwambia asubiri, mpaka giza liingie. Kisha siku timu yetu ikifungwa na timu ya Nairobi kwa pointi 30, tutasema vijana wa huku hawana kipaji.

Mwaka 2024 sherehe za Madaraka zililetwa Bungoma, na uwanja wa Masinde Muliro kule Kanduyi ukafanyiwa ukarabati. Imethibitika basi kwamba viwanja vinaweza kutengenezwa mgeni akiwa njiani. Tunachoomba ni vitengenezwe pia kwa ajili ya wenyeji ambao hawaendi popote. Uwanja mmoja wa vikapu wa saruji, wenye ringi mbili zilizonyooka na taa nne, haugharimu kama jukwaa la wageni mashuhuri.

Na usituambie hiyo ni kazi ya Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti shughuli na vifaa vya michezo katika maeneo yao. Tena wakati ndio huu. Bunge la kaunti linapaswa kuidhinisha bajeti kabla ya tarehe 30 Juni, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai mosi. Huo ni muda wa wiki tatu na siku chache. Yule mwakilishi wadi wako, ambaye namba yake unayo tangu wakati wa kampeni, anaweza kuulizwa swali jepesi: katika bajeti hii, wadi yetu ina uwanja hata mmoja wa vikapu? Kama hauna, kwa nini? Kama upo kwenye karatasi kila mwaka, pesa huwa zinaenda wapi? Ukiweza kukesha hadi saa kumi na mbili kwa ajili ya mji wa Indianapolis, unaweza kuandika ujumbe mmoja mchana kwa ajili ya Kiminini au Kanduyi.

Shule nazo tunaziomba jambo lisilohitaji bajeti: fungueni geti Jumamosi alasiri. Wekeni mwalimu mmoja, au mzazi, au mwanafunzi wa zamani anayeaminika. Uwanja uliofungwa siku mbili kila wiki unaoza sawasawa na ule unaotumika, tofauti ni kwamba hauzai mchezaji.

Na wewe shabiki tunakuomba upande wako. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya vikapu ya Afrika, BAL. Jina linafanana na la wale uliowazomea Ijumaa, lakini hawa ni wako. Ni wangapi kati yetu tulikesha kwa ajili yao? Ni lini mara ya mwisho uliposimama kando ya uwanja wa shule ya mtaani kwako, bila kiingilio, bila kubeti, ukamshangilia mtoto usiyemjua jina? Timu inayopuuzwa haitoki Indiana pekee. Iko pale nyuma ya soko, inacheza wanne kwa wanne kwa sababu wa tano hana viatu. Hao ndio wanaohitaji nduru yako ya saa kumi na mbili asubuhi.

Ile elfu moja uliyotaka kuitupa kwenye mkeka haitakutajirisha hata mkeka ukijibu. Ukiichanga na wenzako wanne, mnapata neti mbili na chenji ya kuanza kuchangia mpira. Hesabu hiyo haina kampuni iliyokwisha kujipunguzia upande wake.

Mechi ya pili ni Jumatatu, saa tisa usiku, hapo hapo Oklahoma City. Itazame. Pika chai mapema, chaji simu, mwambie mama asishtuke. Huenda Indiana wakashinda tena, huenda wakala kichapo cha pointi 20, na vyote viwili vitakuwa mpira wa vikapu tu. Wakishinda, shangilia. Wakishindwa, usiseme walikuwa wanabahatisha, maana wewe mwenyewe uliwaona wakitoka shimo la pointi 15 bila kulia.

Ila kukikucha Jumatatu, hakikisha simu bado ni yako. Utaihitaji kumpigia mwakilishi wadi.